Niliiponda Nyumba ya Baba Mbele Yake

Nilishawahi kuitukana nyumba ya baba yangu mbele ya watu watatu, chini ya kiapo, na baba mwenyewe amekaa pembeni yangu kavaa suti yake ya harusi.

Sikuwa na wazimu. Huku kwetu Texas ndivyo kodi ya serikali kwa mwenye nyumba inavyopingwa.

Mtaa wetu wa mashariki ulikuwa wa mafundi na wapishi, watu wa kuungaunga. Ghafla wenye hela wakaupenda. Makadirio ya thamani ya nyumba yakapaa, na kodi ikapaa nayo. Baba yangu, Eusebio, fundi uashi ambaye vibarua vilishaanza kumkimbia, akatakiwa alipe kodi ya tajiri. Umri wa kupewa punguzo la wazee ulikuwa bado.

"Tukishindwa rufaa, nauza," aliniambia. Hakuwa anatania.

Jirani yetu, Doña Hortensia, ambaye aliwahi kushinda rufaa kama hiyo, akanipa mbinu.

"Ofelia mwanangu, ukifika kule iponde nyumba, ikionekana mbovu thamani inashuka na kodi inashuka. Piga picha kila ufa. Mimi yangu niliiponda mpaka nikaionea huruma."

Nikapiga picha. Ufa wa sebuleni, sakafu ya jikoni iliyoinama, bomba lenye kutu. Baba alinifuata nyuma na kitambaa, anafuta vumbi ili picha zitoke vizuri. Nilicheka, halafu nikaumia.

Siku ya kikao tukakalishwa mbele ya wajumbe watatu wa bodi ya rufaa. Mwenyekiti, Bwana Haskell, mtu mpole, akaniambia nianze.

Nikafunguka. Nikasema msingi umezama, kuta zimechoka, kazi yote imelipuliwa na mtu asiye na cheti.

Baba akakohoa.

"Kuta hazijachoka," akasema.

"Baba, tulia."

"Mheshimiwa, huyu binti yangu ni mwalimu wa chekechea, ujenzi haujui. Huo ufa ni wa plasta tu. Ule ukuta niliujenga na marehemu mke wangu, yeye akinichanganyia saruji ana mimba ya huyu huyu anayeuponda. Njoo na nyundo uupige uone."

Nikamfinya paja chini ya meza. Wapi.

"Kwa hiyo mzee, nyumba ni imara?" Bwana Haskell akauliza taratibu.

"Itatuzika sote humu ndani."

Nikajua tumekwisha. Nikaanza kupanga maneno ya kumlaumu njia nzima.

Lakini Haskell hakuandika kitu. Alimtazama baba kwa huruma fulani hivi, ambayo mpaka leo inanikera.

"Mzee wangu, hiyo nyumba hatukuikadiria kitu. Kwetu ni kama haipo. Kilichopanda ni kiwanja. Ukisema ni kasri, binti yako akisema ni banda, kodi ni ile ile."

Na barua yao ilisema hivyo tangu mwanzo, kiwanja mbali, nyumba mbali. Sisi tuliangalia jumla tu, roho zikatutoka.

 Kushindwa, baba angekuvumilia. Kuambiwa kuta zake hazipo ndiko kulikommaliza. Nilimwona mabega yanashuka, nikatamani nimfunike.

Akawauzia wajenzi fulani waliotaka kiwanja tu, akahamia kwangu. Siku ya kubomoa akataka kwenda. Nikakataa. Akaondoka kwa miguu, ikabidi nimfuate na gari.

Tulimkuta dereva wa tingatinga anahangaika. Paa limeng'oka, kuta zimegoma.

"Nani alijenga hiki kitu?" akafoka.

Nilidhani baba atajivuna. Akavuka uzio, akamwonyesha kwa kidole.

"Ukuta wa jikoni ndio umeshika vyote. Anzia kona ile, chini kabisa. Usiugongegonge hovyo, unautesa."

Dereva akaanzia pale. Nyumba ikalala. Baba akavua kofia, akasimama mpaka vumbi likatulia, kisha akaniambia twende.

Ndugu zangu, ukiletewa makadirio, uliza kwanza wamekadiria nini, nyumba au ardhi. Na ukienda kuiponda nyumba, aliyeijenga usiende naye.

Baba yangu hapigi tena hata msumari wa kutundikia picha. Juzi rafu ya jikoni kwangu ilianguka. Akaitazama, akaivuka, akaenda kulala. Nimemwita fundi wa kulipa, aje baba akiwa hayupo.