Msoma ramani aliyempunguzia mdogo wake kona kumi na moja

Saa moja kasoro robo asubuhi. Gereji haijafunguliwa kwa wateja, lakini ndani kelele za chuma zimeshaanza. Mwanamume wa miaka thelathini na minne amelala chali kwenye sakafu ya gari la mashindano, miguu iko nje ya mlango, spana iko mkononi. Anakaza boliti nne za kiti kimoja, kile cha pembeni ya dereva. Anakaza, anajaribu kukitikisa, kisha anakaza tena.

Akimaliza anatoka, anajifuta mikono kwa kitambaa, anautazama mlango wa gari na kusonya.

Mlangoni limeandikwa jina la utani la mdogo wake kwa herufi nyekundu za urefu wa mkono mzima: CHIRIKU. Chini yake, karibu na bawaba, kuna neno jingine dogo ambalo mtu mwenye miwani ndiye atakayeliona. Hilo ni jina lake: Spana.

"Mchora mabango aliniambia eti nafasi iliisha," anasema. "Nafasi iliisha! Mlango mzima huu? Hata namba ya simu ya yule mchora mabango ni kubwa kuliko jina langu."

Nauliza kama inamuuma. Ananitazama kama mtu aliyeulizwa kama maji yanalowesha.

"Inaniuma, ndiyo. Andika hivyo hivyo. Andika kwamba kaka mtu ana wivu. Wote hapa wanajua, kwa nini wasomaji wako wasijue?"

Mwandishi wa makala haya ana mdogo wake mwenye nyumba ya ghorofa, kwa hiyo aliinamisha kichwa akaendelea kuandika.

Katikati ya juma Spana ni mnyoosha bodi. Magari yaliyogongwa huletwa yakiwa yamekunjamana, naye huyagonga kwa nyundo mpaka yarudi kwenye umbo lake. Baba yake, mwenye gereji, hushughulikia injini. Mama yake hushona viti vya magari katika chumba cha pili, cherehani yake ikitazama dirisha ili asipitwe na jambo. Chiriku, mwenye miaka ishirini na saba, huendesha gari la kusambaza mikate.

"Watu wanadhani nimejifunza mbio kwenye mbio," Chiriku anasema. "Mimi nimefundishwa na mikate. Ukishika breki kwa pupa, kreti za nyuma zinakuja mbele na mikate inakuwa chapati. Mwenye duka hakubali. Kwa hiyo unajifunza kuingia kwenye kona taratibu kidogo na kutoka umekanyaga mafuta."

Mwishoni mwa juma familia nzima hugeuka kuwa timu. Gari lenyewe walilinunua likiwa mkweche usio na injini, wakalijenga kwa miaka miwili. Seti moja ya tairi za mashindano humla Spana mshahara wa miezi miwili. Baba hufungua boneti, mama hushika saa ya kupimia, na watoto huingia ndani ya gari.

Zamani aliyekaa kwenye usukani alikuwa Spana.

Aliendesha kwa miaka mitatu. Nafasi yake bora ilikuwa ya kumi na moja. Halafu giaboksi ilimwangukia mkononi kazini, kifundo kikavunjika wiki mbili kabla ya mashindano. Ada ya kushiriki ilikuwa imeshalipwa na hairudishwi. Baba akamwambia Chiriku avae kofia ngumu.

Chiriku alimaliza wa nne.

"Nilimpongeza," Spana anasema. "Nilimpongeza kwa mkono mzima, ule wa pili ulikuwa kwenye plasta. Nikajiambia, mkono ukipona anarudi kwenye mikate yake."

Mkono ulipona. Baba, ambaye si mtu wa maneno mengi, alisema neno moja: "Tutapima." Wakaenda kwenye barabara ya changarawe yenye urefu wa kilomita sita, gari lile lile, tairi zile zile, mama akiwa na saa yake. Spana alitumia dakika nne na sekunde thelathini na moja. Chiriku alitumia dakika nne na sekunde kumi na mbili.

"Nikasema jua lilikuwa machoni mwangu. Nikaomba turudie."

Wakarudia. Spana akapata zile zile thelathini na moja. Chiriku akapata tisa.

"Ningenyamaza ningeshindwa kwa sekunde kumi na tisa," anasema, na hapo hata yeye anacheka. "Kiherehere changu kikaniongezea tatu."

Hivyo ndivyo alivyohamia kiti cha pembeni na kuwa msoma ramani.

Kazi hiyo si ya kubebwa kama gunia, ingawa wengi hudhani hivyo. Siku mbili kabla ya mashindano, timu huruhusiwa kupita njia yote mara mbili kwa mwendo wa kawaida. Chiriku huendesha na kutaja kila kona kwa namba. Moja ni kona kali kabisa, ile ya kukaribia kusimama. Sita ni ile ambayo dereva haondoi mguu kwenye mafuta. Spana huandika kwa penseli, gari likirukaruka, na daftari hilo hutoka limejaa vumbi na mikwaruzo. Kesho yake alasiri hukaa kwenye meza ya mama, huku mabaki ya vitambaa yamesukumwa kando, na kuzinakili namba zote kwenye daftari safi.

Siku ya mashindano husoma kutoka kwenye daftari safi. Vumbi likitanda, au kilima kikiziba upande wa pili, dereva haoni kitu. Anaendesha kwa sauti ya aliyeketi karibu naye.

"Mimi sina barabara," Chiriku anasema. "Nina kaka tu. Akisema nne, mkono wangu unakata nne. Sijiulizi."

Na hapo ndipo jambo lilipoharibikia.

Msimu huu Chiriku alishika kasi kwelikweli. Akawa wa tatu, kisha wa pili. Watu wakaanza kumsimamisha barabarani akiwa na mikate. Gazeti moja, namshukuru Mungu si hili, likachapisha picha yao na kuikata katikati, kikabaki kiwiko cha Spana. Mteja aliyekuja kunyooshewa mlango alimtazama na kuuliza, "Kwani wewe ni nani wake?" Baba, aliyezoea kuita "Spana na mwenzake", akaanza kuita "Chiriku na kaka yake".

"Roho ilikuwa inanichoma mpaka nashindwa kula," Spana anasema. "Nilikuwa namsikia akicheka kule nje na watu, nami nimelala chini ya gari lake. Najua ni mdogo wangu. Nimembeba mgongoni huyu. Lakini nilikuwa nikisikia kile kicheko, nagonga bodi ya mtu kwa hasira mpaka naitoboa."

Mashindano ya mwezi uliopita yalikuwa na kona mia moja arobaini na tatu. Alasiri ya kunakili, Spana alifika kwenye kona moja iliyopinda kwenye kilima. Kwenye penseli Chiriku alikuwa amesema tano. Spana aliitazama.

"Nikakumbuka nilivyopita pale enzi zangu. Mimi nilipita kwa nne, na nilikuwa natoka jasho. Nikajiuliza, huyu tano kaitoa wapi? Nikaandika nne."

Alipomaliza daftari, alikuwa amezishusha kona kumi na moja.

Je, alitaka mdogo wake ashindwe? Anaigeuza spana mkononi. Kwenye chumba cha pili cherehani inasimama.

"Hapana. Nilitaka apite pale kama ambavyo ningepita mimi. Basi. Sikutaka zaidi ya hapo."

Walimaliza wa pili. Aliyewashinda aliwapita kwa sekunde saba.

Chiriku hakumlaumu mtu yeyote, na hilo ndilo lililokuwa baya. Alilikagua gari, akakagua tairi, halafu akajigeukia mwenyewe. Usukani ulikuwa umemwambia kwamba gari lingeweza kwenda zaidi, lakini mikono yake ilipunguza. Kwa nini ilipunguza? Baada ya siku nne alimwambia baba yake watafute dereva mwingine.

"Nilisema nimeanza kuogopa kona," anakumbuka. "Nilisema hivyo mbele ya kaka. Alikuwa anakunywa chai. Akainamia kikombe."

Spana anainama. "Nilikuwa nimengoja neno hilo mwaka mzima. Ajiuzulu mwenyewe, kiti kirudi kwangu. Likaja. Chai sikuimaliza."

Mama ndiye aliyeigundua siri, tena bila kuitafuta. Alichukua madaftari mawili ili ashone jalada la ngozi ambalo lingeyabeba pamoja. Ni mtu wa vipimo, macho yake hayaachi namba zipite. Kwenye penseli aliona tano. Kwenye safi aliona nne. Akadhani ni makosa ya haraka. Akafungua ukurasa mwingine.

"Nilihesabu kumi na moja," mama anasema, pini zikiwa midomoni. "Kila moja ukiipa sekunde moja tu, mwanangu kanyang'anywa sekunde kumi na moja. Na alishindwa kwa saba. Nikamwita huyu bwana mkubwa. Nikamuuliza, utamwambia wewe au nimwambie mimi? Maana mimi nikimwambia, nitamwambia kwa sauti."

Alimwambia yeye mwenyewe, asubuhi, kando ya gari la mikate, Chiriku akiwa anapakia kreti. Hakuzungukazunguka. Alisema, "Hukuogopa kona. Ni mimi. Nilizishusha kwa wivu."

Chiriku alimaliza kupakia kreti, akapanda, akaondoka. Kwa siku tatu mtu ambaye hajawahi kunyamaza tangu ajue kusema hakusema na mtu. Wenye maduka walidhani anaumwa jino.

Baba naye hakugomba. Alichukua spana, akafungua boliti nne, akakitoa kiti cha msoma ramani na kukiweka katikati ya sakafu ya gereji. "Atakayesema kirudi ni yeye," alisema. Kiti kikakaa pale siku tisa. Wateja walikikalia wakisubiri magari yao, wengine wakasifu jinsi kilivyo na raha. Spana alikizunguka akibeba nyundo zake, na kila alipokizunguka uso ulimshuka.

Siku ya nne Chiriku alikuja akasimama mbele yake.

"Nilimwambia, kaka, ungenipiga kibao ningekuelewa," anasimulia. "Ungetoboa tairi ningejua nina adui. Wewe uliniacha nijione mwoga. Nilikuwa nalala najishika mikono, najiuliza imeingiwa na nini. Mikono haikuwa na kosa lolote!"

Hapo sauti yake inapanda na fundi mmoja anajifanya anatafuta kitu nje.

Lilikuja pendekezo la kumtafuta msoma ramani mwingine. Lipo kundi la watu ambao wangelipa ili wakae pale. Likaja pendekezo la pili: mama awe anakagua madaftari yote mawili kabla ya kila mashindano. Chiriku alilikataa la kwanza kwa sababu hakuna mwingine anayejua anavyopumua kabla ya kona. Na la pili?

"Kaka yangu akianza kukaguliwa, nikifika kwenye kilima nitakuwa nasubiri ruhusa ya mama. Pale hakuna muda. Ama namwamini au simwamini. Juzi nilimwambia, funga kiti chako."

Ndicho kiti alichokuwa akikikaza upya asubuhi hii.

Jumamosi ni mashindano ya mwisho ya msimu. Chiriku akishinda ni bingwa. Akiwa wa pili, msimu umekwisha na baba ameshasema hawana tairi za msimu mwingine. Wametoka jana kupita njia. Safari hii kona ni mia moja na sitini, na madaftari hayatakaguliwa na mtu yeyote.

Saa tisa alasiri Spana anakaa kwenye meza ya mama. Namwomba nikae karibu, ananiruhusu kwa sharti la kutokohoa. Anaandika polepole, ulimi uko pembeni mwa mdomo. Kwenye ukurasa wa tisa mkono unasimama. Naona kwenye daftari la penseli: sita, juu ya kilima, ukingo mmoja una mawe.

"Mimi hapa ningeandika nne," ananong'ona. "Nne, tena nikiwa nimemwomba Mungu."

Mama anashona. Hageuki, lakini cherehani imepunguza mwendo.

"Unafikiri amekosea?" namuuliza.

"Hapana. Hilo ndilo linaloniua. Hajakosea."

Anaandika sita. Kalamu inaukwaruza ukurasa kidogo, naye anapuliza wino ukauke.

Namuuliza kama wivu umeisha. Anacheka kwa uchungu. "Uishe uende wapi? Nipo nao hapa. Akisimama kwenye jukwaa Jumamosi na lile kombe, najua nitakavyokuwa. Nimeshamwambia kabisa: ukiona nimekunja uso, usinijali, shika kombe lako. Mimi nataka ashinde. Nataka kweli. Ila sura yangu siwezi kuiahidi."

Chiriku, anayeingia na kreti tupu begani, amesikia.

"Mwache anune," anasema. "Nikiwa juu ya jukwaa nitamtafuta yeye kwanza. Nikimkuta anatabasamu, nitaomba nilione daftari."