Kurasa za Mwisho Ziko Wapi?

Jumamosi nilijikinga mvua katika maktaba moja pale Omurushaka, nikakuta wasomaji wanne wakijadili riwaya. Nakala ilikuwa moja tu, na kila mmoja alishapata zamu ya kwenda nayo nyumbani.

Mwenyekiti wao, mwalimu mstaafu, alifumba macho. "Ule mwisho! Mjane anavyomsamehe shemeji yake! Nililia."

Mzee wa kanisa akatabasamu kama mtu anayejua zaidi. "Mimi naona msamaha ule umekuja ghafla, Mwalimu. Mwandishi alikuwa na haraka."

"Mimi nimeurudia mara mbili," akasema mnunuzi wa kahawa, huku akifuta miwani.

Akabaki mama mmoja mkulima kutoka Bweranyange. Alikifungua kitabu mwishoni, akakigeuza wote wakione. "Mnisamehe, mimi mwisho sikuuona. Kurasa zimechanwa. Mjane bado yuko njiani, hata kwa shemeji hajafika."

Wote waliinama kuchungulia. Vipande vilivyobaki vilikuwa vimezeeka hadi kuwa na rangi ya chai. Kurasa zilichanwa zamani, pengine kufungia senene wa kukaanga. Nikajua sasa watatu hawa wataona aibu. Wapi! Mwenyekiti alimkazia macho yule mama.

"Sasa mama, hizo kurasa umezipeleka wapi?"

Ndiyo sababu vikao vyetu vimejaa wajuzi: ukikiri hujaona, unageuzwa mwizi. Mzee wa kanisa naye akaguna kwa uchungu:

"Tena zilikuwa kurasa tamu kweli."