Nani Amelikalia Jalada?

Mama Waya hakuwa mtu wa kufundishwa kazi. Kwa miaka kumi na minne alikuwa ameitunza mitambo ya hospitali ile. Jina alilipata kwa kutambaa chini ya meza za watu akifuata nyaya, na kompyuta ikileta ukaidi aliisema kama mtu na wifi yake. Siku hiyo ukaidi ulipita kiasi. Tangu saa tatu asubuhi, kila aliyetafuta jalada la mgonjwa kwenye programu aliona kiduara kikizunguka weee, kisha dirisha zima likaganda, hata kulifunga halifungiki.

Na jalada lililotakiwa halikuwa la mafua. Mzee mmoja mwenye uvimbe tumboni alikuwa hajala tangu jana, akisubiri kupasuliwa. Mwaka uliopita dawa fulani ya usingizi nusura imuue, na jina la dawa hiyo lilikuwa ndani ya jalada lile, si kwingine. Daktari wa usingizi alikuwa wa kuazima. Saa sita anaondoka, harudi mpaka mwezi ujao.

"Bila hilo jina simgusi," alisema kwenye simu, na haki alikuwa nayo.

Mama Waya akaanza na mtandao. Haukuwa na neno. Akabadilisha kebo. Akaliandika upya agizo la kutafuta, akalifupisha, akatafuta kwa namba badala ya jina, likaganda palepale. Akaizima na kuiwasha kompyuta ya masjala mara tatu. Hasira ikampanda mpaka akaizaba kibodi kofi.

Karani wa masjala, mzee mpole aliyebakiza miezi michache kustaafu, akakohoa. "Mama, labda kuna mtu amelikalia."

Ndivyo walivyosema enzi za makaratasi. Jalada likikosekana kabatini, hukuuliza liko wapi. Uliuliza nani amelikalia, maana kweli walikuwepo waliolitia chini ya makalio ili wenzao wasilichukue kabla hawajamaliza nalo.

"Mzee wangu, hii ni kompyuta, haina kiti!" Mama Waya akafoka mbele ya wauguzi wawili. "Wewe ndiye unayeacha madirisha wazi ukaenda kunywa chai. Unaniharibia mfumo, halafu unanifundisha!"

Wauguzi wakacheka. Karani akainamia daftari lake.

Simu ikalia tena, na tena. Saa sita ilipokaribia, Mama Waya akiwa hana tena la kujaribu, akaingia kwenye seva akaiuliza ni nani anamngoja nani. Orodha ikatokea: kompyuta thelathini na moja, zote zimepanga foleni nyuma ya moja. Akalisoma jina la hiyo moja. Akalisoma tena. Ilikuwa yake.

Asubuhi alikuwa akisahihisha miaka ya kuzaliwa iliyokosewa. Ili mtu asije akamvurugia, alilifunga jedwali zima la wagonjwa. Kabla hajalifungua kwa kubonyeza "thibitisha" akaitwa wodini, printa imemeza karatasi. Akaenda, akasahau.

Akapanda ngazi mbilimbili. Mezani kwake kidirisha kilikuwa bado kinamuuliza kama ana uhakika. Akabonyeza. Huko chini akasikia wauguzi wakipiga kelele kwamba imefunguka. Jina la dawa likasomwa kwenye simu, lakini aliyepokea alikuwa mfagizi wa chumba cha upasuaji. Saa sita na robo. Daktari ameshaondoka.

Mama Waya akarudi masjala, akasimama mbele ya wauguzi walewale. "Mzee, nisamehe. Ulisema kweli, nami nikakutukana."

"Mimi nimezoea," karani akasema bila kuinua macho. "Wa kumwendea ni binti wa yule mzee."

Binti wa mgonjwa alikuwa ameketi kwenye korido, miwani ya baba yake mkononi. "Mama, wanasema ni mfumo?"

Angeitikia tu, na hospitali nzima ingeitikia pamoja naye.

"Si mfumo, mwanangu. Ni mimi."

Binti akainuka, akausukuma mlango wa wodi.

"Basi ingia ukamwambie mwenyewe," akasema. "Mimi tangu asubuhi namwambia bado kidogo."