Daftari la Kirusi nilolishonea ndani ya mto wa sufi, na video ya mjukuu wangu

Wakuu, asalaam aleikum.

Naambiwa humu ndani kila mtu ni mkuu. Basi mimi nna wajukuu kumi na mmoja, mkuu khasa ni mimi, nisikilizeni.

Naandika kwa kidole kimoja. Skuli sikwenda, nimesoma chuo cha Qur'ani tu, hizi herufi za kompyuta kanifunza mjukuu. Na chumvi siwezi kutia, maana mume wangu kakaa hapa ubavuni anasoma kila ninachoandika.

Mume wangu Seif alipelekwa Urusi kusomea mitambo ya umeme, tuko bado Unguja, ndoa haijatimia mwaka. Akarudi na Kirusi kichwani na daftari moja. Baadae tukahamia huku Maskati.

Miaka ile kusini ya nchi hii kulikuwa na vita na wakomunisti, na mtu akijulikana kasoma kwa Warusi, basi huyo mkomunisti. Seif akawaambia watu kasoma Misri. Mimi akanambia nilichome lile daftari.

Nikaenda nalo jikoni, kiberiti mkononi. Nikalifungua.

Wakuu, Kirusi chote kile kakiandika kwa herufi za Kiarabu, zile alizozizoea toka chuoni. Na mwalimu wangu alitufunza kuwa karatasi yenye herufi zile haikanyagwi, haitupwi, na ukiitia moto ovyo utakwenda kuulizwa. Mimi nilijuaje mule mna nini? Nimeona alif, nimeona lam, nikakiweka kiberiti chini.

Nikalishonea ndani ya mto wa sufi nilotoka nao Unguja. Nikamwambia nshalichoma.

Siku ile hakula.

Miaka arobaini nikaulalia. Tumehama nyumba tatu mpaka hii ya Bawshar, mto nnao kwapani. Binti zangu wakininunulia mito ya dukani nawapa wageni.

Sasa njooni kwa Thuraya, mjukuu wangu, mwaka wake wa mwisho chuo kikuu, anasomea sanaa. Akaja na kamera, anataka kutengeneza video ya wazee wetu waliosoma Urusi kisha wakaja huku wakaificha lugha. Mimi video naijua ya harusi. Nikamuuliza, bi harusi nani? Akacheka mpaka akakaa. Akanieleza hii ni sanaa, haina bi harusi wala biriani, watu husimama ukumbini wakatizama.

Nikasema haya.

Babu yake akakataa. "Mimi nimesoma Misri," anamwambia mjukuu wake wa damu, macho makavu. Wazee wengine nao walishamkatalia. Siku za kuonesha kazi zinakaribia, mtoto ana kamera, sauti hana. Nikamkuta kajikunja sebuleni analia.

Kwa hivyo ni mawili. Thuraya akose kazi yake, au Seif ajue mkewe kamdanganya miaka arobaini. Nilichukua siku tatu kuamua, na wala sijisifii.

Siku ya nne, baada ya alasiri, nikamwita Thuraya nikamwambia awashe mashine yake. Nikachukua mkasi.

Sufi ziliruka zikatuingia puani. Thuraya akasogeza kamera kwenye mikono yangu. Daftari likatoka, limekuwa rangi ya chai.

Nikalisoma. Herufi nazijua, maana ya maneno sijui hata moja. Nikasoma kama tulivyokuwa tukisoma chuoni, kwa kuvuta. Kirusi kwa sauti ya juzuu, fikirini wenyewe.

Seif alikuwa chumba cha pili na redio yake. Redio ikazimwa. Nikasikia kandambili zinakuja.

Akasimama mlangoni. Akautizama mto, akalitizama daftari, akanitizama mimi.

"Hivyo sivyo inavyosomwa," akasema.

Akakaa chini, juu ya sufi. Daftari hakulishika. Akaanza ukurasa wa kwanza kwa ghibu, bila ya kulitizama, na uso wake ukawa ule nilioolewa nao.

Video ikaoneshwa ukumbi mmoja wa Khuwair ya Kusini, hapa hapa Maskati. Ukuta mzima mikono yangu, na sufi zinaruka kama theluji. Sikujua kama mikono yangu mizuri vile. Sauti yangu inasoma, kisha sauti ya Seif inakuja juu yake. Huyu mtoto fundi, wakuu. Kakata, kaunga, mshono huuoni. Chini kaandika maana kwa Kiarabu, nikasoma mwenyewe:

Hii ni meza. Hiki ni kiti. Nje kuna theluji. Mke wangu hayupo hapa. Mke wangu anaitwa Zuwena.

Zuwena ni mimi. Mwalimu wao wa Kirusi kamwambia Seif aandike sentensi kumi, saba zinanihusu mimi.

Mzee mmoja katika wale waliokataa nilimwona midomo inakwenda, anafuatiliza na Seif.

Nikamuuliza Seif kwa nini hakunambia kuwa kaniandika mule.

"Ulinambia umelichoma," akanijibu.

Nilichokipata mimi ni hiki: tulificha kwa khofu, na khofu iliondoka zamani sisi tukabaki tumekaa vile vile. Mtoto wa chuo kikuu na kamera yake ndiye alotushtua.

Kwenu kuna mzee mwenye lugha aloizika? Hebu semeni hapa chini. Na mito ya mabibi zenu ipapaseni.

Seif anasema nisahihishe. Sentensi zangu ni nane.