Mgonjwa Aliyekataa Kuingia Ndani

Siku yangu ya kwanza kazini, Matroni wa hospitali moja ya Thika alinikabidhi funguo za kabati la dawa, akanitazama kuanzia viatu hadi kofia, akasema, "Sista Wambui, umesomea wagonjwa wa akili, sawa. Lakini hapa hatuna wakati wa stori. Mtu akilia, mpe dawa. Akinyamaza, mpe ruhusa aende nyumbani."

Nilidhani anatania. Miaka kumi na mmoja baadaye nilikuwa bado nagawa vidonge. Vijana waliletwa wameona ajali, wameona mapanga, wakaandikiwa dawa za usingizi. Walilala, wakaamka, na jambo lenyewe likaamka nao.

Hicho ndicho kiwewe. Nawaeleza ninyi mnaoanza kazi sasa, maana hata madaktari hukichanganya na huzuni. Mwenye huzuni anakumbuka jambo lililopita. Mwenye kiwewe, kwake halijapita. Mwili wake bado uko palepale. Mlango ukigongwa, anaruka.

Nilipohamishiwa Ruiru nilikuwa nimesomea tiba ya mfululizo. Badala ya kumwona kijana mara moja kwa mwezi, unakaa naye kila siku kwa muda wa saa mbili, siku kumi mfululizo, mkikipitia kisa chake mpaka kipoteze makali. Kazi hiyo inataka chumba kitulivu. Niliandika barua za kuomba chumba mpaka kidole kikaota sugu. Mganga Mkuu alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionichosha zaidi. "Tunalishughulikia, Sista," alisema kila mara. Baada ya karibu miaka miwili nikapewa kilichokuwa stoo ya vitanda vibovu. Kikapakwa rangi, vikaletwa viti viwili, na Mganga Mkuu mwenyewe akakifungua kwa maombi na soda.

Mgonjwa wa kwanza wa chumba hicho alikataa kuingia.

Aliitwa Nafula, miaka kumi na saba, Kidato cha Nne. Wakati wa likizo, nyumba waliyopanga katika mtaa wa Githurai 45 iliporomoka asubuhi mama yao akiwa sokoni anauza omena. Nafula na mdogo wake Nekesa, wa miaka minane, walifukiwa hadi jioni. Nafula alitolewa hai, Nekesa hakutolewa hai. Ilikuwa imepita miezi saba, na katika miezi hiyo Nafula hakuwa ameketi ndani ya jengo la mawe; hata masomo aliyafuatia nje, chini ya dirisha la darasa. Walihamia nyumba ya mabati, na hata huko alilala mlangoni. Mtihani wa taifa ulikuwa umebaki wiki tatu, na mtihani hauandikwi uwanjani.

Alisimama kizingitini, akatazama juu. "Hiyo ni simiti?"

"Ndiyo."

"Basi hapana, Sista. Pole."

Nikatoa viti nje, nikaviweka kati ya kamba za kuanikia mashuka na mahali ambapo ambulensi huegeshwa. Nusu saa haikuisha, Mganga Mkuu akatokea.

"Sista Wambui, umelilia chumba miaka miwili."

"Najua, Daktari."

"Tumepaka rangi."

"Rangi ni nzuri, Daktari. Shida ni paa."

"Sasa wageni wa kaunti wakija, wakukute hapa kwa mashuka? Mwone mara moja kwa mwezi, pole pole, mpaka azoee."

"Mtihani ni wiki tatu!" nikapaza sauti, jambo ambalo sikuwahi kumfanyia mkubwa wangu. Akaondoka akitikisa kichwa. Nafula akacheka. Mama yake aliniambia baadaye kwamba hakuwa amemsikia akicheka tangu siku ile.

Huyo mama naye alinipa kazi. "Sista, kwa nini unamkumbusha? Pasta alisema tusitaje jina la mtoto. Atasahau."

"Kwani amesahau?"

Akatazama kikapu chake. "Hata mimi sijasahau," akasema, na hakunizuia tena.

Tulianza. Nilimfundisha kwanza kuipima hofu, kutoka sifuri hadi kumi, ili ajue kwamba hupanda na pia hushuka. Kisha akafumba macho, akasimulia kana kwamba yanatokea sasa. Akimaliza, tunaanza upya. Kila siku tukasogeza viti hatua chache kuelekea mlangoni. Wanawake wa dobi waligombana juu ya vichwa vyetu wakianika mashuka, na dereva wa ambulensi alifungulia redio. "Zima hiyo kitu!" nilimwambia kila siku. Alizima, kesho yake akafungulia tena.

Kisa cha Nafula kilikuwa na shimo. Kila alipofika mahali fulani aliruka: "Halafu Nekesa akanyamaza. Halafu nikaona tochi." Siku ya nne nikamwambia arudi hapo, aende polepole.

"Alikuwa analia sana. Vumbi ilikuwa inamwingia kwa mdomo. Nikamwambia, 'Wee Nekesa, nyamaza!' Akanyamaza." Akafumbua macho. "Sista, mimi ndio nilimnyamazisha."

Miezi saba alikuwa amebeba hilo peke yake. Sikumwambia si kosa lake. Kila mtu alikuwa amemwambia hivyo bila kujua kosa lenyewe ni lipi, na maneno ya namna hiyo hayaingii. Nilimuuliza tu, "Baada ya kumwambia anyamaze, unasikia nini?"

"Hakuna."

Siku ya tano nikauliza tena. Hakuna. Siku ya sita tulikuwa tumefika barazani, mgongo wake karibu na ukuta wa mawe. Alipofika pale pale, akainamisha kichwa kama anayesikiliza.

"Ananiuliza kama leo ni Jumamosi."

"Nani?"

"Nekesa. Amenyamaza, halafu ananiuliza kama leo ni Jumamosi. Kwa vile Jumamosi mama hutupikia chapati."

"Unamwambiaje?"

"Namwambia ndiyo. Na ilikuwa Jumanne." Hapo alilia kwa namna ambayo sijaisikia tena. "Alikuwa bado anaongea, Sista. Tuliongea. Tuliongea sana."

Redio ilikuwa imezimwa. Sikuwa nimemwambia dereva.

Siku ya nane tuliketi kizingitini. Siku ya tisa aliingia, mlango wazi, hofu ikiwa tisa, akakaa mpaka ikawa nne. Siku ya kumi mlango ulifungwa. Alipotoka alinawa uso, akaomba chai.

Mtihani aliufanya. Katika karatasi ya pili lori la mawe lilipita barabarani, madirisha yakatetemeka, akakimbia nje. Akaipima hofu yake, akaisubiri ishuke, akarudi kumaliza. Alama zake hazikuwa za kuandikwa gazetini.

Siku kumi. Hilo ndilo linalonikera hadi leo. Mtoto alikaa miezi saba akilala mlangoni, watu wazima wakimwambia avumilie, na kilichohitajika ni siku kumi na mtu wa kusikiliza bila kuharakisha. Nilistaafu nikapewa saa ya ukutani na hotuba ndefu. Wauguzi wawili niliowafundisha tiba hii walihamishwa, mmoja akapelekwa kitengo cha chanjo, mwingine cha rekodi. Sasa wazazi hunipigia simu kutoka mitaa ya Kamakis na Kahawa Sukari: "Sista, si umwongeleshe kidogo tu kwa simu?" Kidogo! Nyinyi mnaosoma haya, mkiambiwa mtibu kiwewe kidogo, kataeni.

Juzi simu ililia nikaipokea kwa ukali, nikidhani ni mzazi mwingine. Alikuwa Nafula. Siku hizi anafanya kazi katika duka la dawa mjini Thika.

"Sista, nimehama. Nimepata bedsitter, chumba changu mwenyewe, ghorofa ya tatu."

Nikaketi. "Ulikagua nyufa?"

"Nilikagua, mpaka nguzo. Keateka, yule mtunza jengo, alidhani mimi ni mkaguzi wa kaunti."

"Na usingizi?"

"Si hiyo ndiyo shida? Nililala mpaka saa mbili, nikachelewa kazi. Bosi amekasirika vibaya."

"Ana haki ya kukasirika," nikamwambia, na nikamgombeza dakika tano nzima.