Mpimaji wa mikono na mama aliyekuwa akingoja nyumbani

Gololi, mpira mdogo, vibao vinne vya mbao na bilauri mbili za plastiki, moja ikiwa na maji. Mpimaji anavipanga mezani, kila kimoja kwenye alama yake, kisha anafungua mlango na kumkaribisha mwenye duka mmoja ambaye mkono wake wa kulia ulilegea ghafla akiwa anahudumia wateja.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko kwenu?”

“Hatujambo. Karibu ukae. Tafadhali ishike gololi hii kwa kidole gumba na cha kati, uiweke juu ya rafu.”

Gololi inaponyoka. Mama anaifuata tena, midomo ameibana, jasho linamtoka. Hatimaye inakaa juu ya rafu. Anamgeukia mpimaji akitarajia japo hongera ya kumfuta jasho.

“Asante,” anasema mpimaji. “Sasa kibao.”

“Wewe mtoto,” mama anacheka, “moyo wako ni wa nyama kweli?”

Si wa kwanza kuuliza. Wagonjwa wamempachika jina la Jiwe, naye analijua, na siku nyingine huliitikia.

Kitengo anachofanyia kazi kinawafanyia utafiti watu waliopata kiharusi. Wagonjwa waliokubali kushiriki wamegawanywa kwa kura katika makundi mawili. Wote wanapata mazoezi ya kawaida ya kliniki. Kundi moja, juu ya mazoezi hayo, linavaa glovu nene kwenye mkono ulio mzima, usio na udhaifu, kwa saa kadhaa kila siku, ili mkono uliodhoofika usipate pa kujifichia. Kinachotafutwa ni kujua kama glovu inasaidia au inawasumbua watu bure.

Mpimaji hatakiwi kujua nani yuko kundi lipi. “Nikijua, jicho langu litapendelea,” anasema. “Mtu ataburuza kibao, mimi nitaona amekinyanyua.” Hatakiwi kusifu pia, kwani aliyesifiwa hujikaza kuliko ambaye hakusifiwa. Na kubwa kuliko yote, hatakiwi kuuliza mambo yanakwendaje huko nyumbani.

“Sisi ni watu wa kujuliana hali,” anasema. “Ukimwuliza mgonjwa anaendeleaje, ataanzia alichoota jana. Huko katikati atataja glovu. Kwa hiyo naishia kwenye shikamoo.”

Kwa mtu wa aina yake huo ni mtihani. Kabla ya kazi hii alikuwa msaidizi wa wodi, na wodini alijulikana kwa domo. Mumewe ana usemi wake: “Kazini bubu, nyumbani redio.”

Ila nyumbani hapo kulikuwa na jambo moja ambalo hata redio haikulitangaza. Mama yake mzazi, karani mpiga chapa mstaafu mwenye umri wa miaka sabini na moja, alipata kiharusi mwaka mmoja na nusu uliopita. Vidole vilivyokuwa vikikimbia juu ya mashine sasa haviwezi kufunga kifungo cha gauni. Kwa kuwa ni mzazi wa mfanyakazi, hakuruhusiwa kuingia kwenye utafiti. Alipotoka wodini alipata mazoezi kwa wiki chache, kisha yakaishia hapo.

Mpimaji hakuwa amemtupa mama yake. Alikuwa na mpango: matokeo yakitoka mwakani, ndipo ampe mama tiba iliyothibitishwa. “Nilijiambia, mama yangu sitambahatishia,” anasema.

Mwezi uliopita mpango huo ulivunjika, na aliyeuvunja ni fundi cherehani mmoja asiye na habari hata kidogo. Utaratibu ni kwamba mwenye glovu huivua mapokezi kabla ya kuingia kupimwa. Fundi alikuwa ameizoea mno, akasahau kama anayo. Alikishika kitasa kwa mkono mbovu, akakizungusha, akaingia akimpungia Jiwe glovu kwa bashasha zote.

“Nilifumba macho,” anasema mpimaji, “lakini maji yalikuwa yameshamwagika.”

Akamwita mpimaji mwenzake achukue nafasi, akaenda kuripoti kwa mkuu wa utafiti, mtaalamu wa mazoezi ya viungo mwenye maneno machache. Hilo lilikwisha salama. Lakini kitasa kile hakikumtoka kichwani. Kesho yake alirudi ofisini kwa mkuu kuomba glovu moja ya mama.

“Kitasa kimoja si jibu,” mkuu alimwambia. “Tena mama yako anashika fimbo kwa mkono huohuo mzima. Ukiufunga, ataanguka.” Kisha akauliza, “Kwani sasa hivi anafanya mazoezi gani?”

“Hafanyi. Tunasubiri matokeo.”

Mkuu akasema: “Wagonjwa wetu wote wanapata mazoezi ya kawaida, wa glovu na wasio na glovu. Hakuna hata mmoja tuliyemwambia asubiri. Ni mama yako tu.”

Mpimaji anasema aibu ilimshika mpaka akakosa pa kuangalia. “Ningekuwa sijui chochote, ningeshampeleka kliniki zamani kama watu wengine. Kujua kwangu ndiko kulikomponza.”

Jioni hiyo alimweleza mama yake kila kitu, akamwomba radhi. Mama alisikiliza hadi mwisho.

“Kumbe,” akasema. “Mimi nilidhani mmeshaambiwa sitapona, mnaogopa kunieleza.”

Hapo mpimaji anashindwa kuendelea na simulizi. Analia waziwazi, Jiwe huyo, na anaomba dakika moja.

Mama mwenyewe halii. Tunamkuta sebuleni, mkono wa kulia umelazwa juu ya mto, na kwa kutania anamwita binti yake “daktari wa watu wengine.” Lakini akilizungumzia hilo utani unakoma. “Kungoja naweza,” anasema. “Nimengoja mambo mengi maishani. Nilichoka kungoja bila kuambiwa ninangoja nini.”

Jumanne ijayo wataanza kliniki ya kawaida, kwenye foleni kama watu wote. Mpimaji ameshaomba ruhusa kazini. Kumpima mama hataweza, kwa kuwa ni mzazi wake; hilo atalifanya mwenzake. Mama anataka aanze na vifungo vya gauni. Habari za mashine ya chapa, anasema, wataongea baadaye.

Na mwakani, utafiti ukionyesha kwamba glovu haina maana?

“Tutaandika kwamba haina maana,” mpimaji anajibu. “Mama atakuwa ameshafanya mazoezi mwaka mzima.”