Doa kwenye Kidole Gumba cha Mama Rangi

Saluni ndiyo kwanza imefunguliwa. Mama Rangi anaushika mkono wa mteja wa kwanza, anaugeuza kuelekea dirishani. Brashi bado hajaigusa. Anakagua kucha moja moja kama anayechambua mchele.

"Dada, mbona leo umekuwa daktari?" mteja anamtania.

"Tulia. Mimi mwenyewe yalinikuta."

Kazi yake ni kupaka kucha rangi na kubandika za bandia. Kwa miaka mingi kucha zake ndizo zilikuwa tangazo lake: kila rangi mpya aliijaribu kwake kwanza, na wateja wakachagua papo hapo vidoleni mwake. Hata mumewe hakumbuki ni lini aliziona zikiwa tupu.

Siku moja alipokuwa akibadilisha rangi, alikuta kucha zimegeuka manjano, na chini ya ile ya gumba la kulia kuna doa jeusi. Akafanya kile ambacho mtu yeyote wa kazi yake angefanya: akalifunika kwa rangi nzito zaidi.

"Wifi yangu akaniambia ni saratani, kidole kitakatwa," anasema. "Usingizi ukaruka. Bila gumba, brashi nitaishika na nini?"

Hospitali alikwenda kucha zikimeremeta. Daktari akacheka, akamwomba akazifute kwanza. Kisha akalitazama doa kwa lenzi, akauliza kidole hicho hukifanyia nini. Mama Rangi akamwonyesha: hukandamizia kila kucha ya bandia mpaka gundi ishike, kutwa nzima.

"Basi huenda ni damu imevilia, mama," daktari akamwambia. "Manjano yametokana na rangi, zipumzishe. Doa tutalipiga picha. Likisogea mbele kucha inavyokua, ondoa shaka. Lisiposogea, tutachukua kipande tukipime."

Akafanya kazi kucha tupu, roho mkononi, akiwajibu wateja kwamba yuko likizo ya rangi. Aliporudi hospitali baada ya miezi miwili, picha zikalinganishwa. Doa lilikuwa limesogea, na nyuma yake kucha imeota safi.

"Nilitaka kumkumbatia daktari wa watu," anasema, akicheka hadi machozi yanamlenga.

Siku hizi hapaki kucha asiyoikagua. Juzi alimkatalia mteja mwenye mstari mweusi kutoka shinani mwa kucha hadi nchani, akamtuma hospitali. Mteja alinuna, lakini akaenda.

"Naomba arudi hapa anigombeze," anasema Mama Rangi. "Aniambie nimemtisha bure. Nitamwomba radhi huku nafurahi."